Ngege wa sebuleni, samaki anayebeba watoto kinywani

Na Mwandishi Maalumu, Arua

UKIINGIA sebuleni kwangu hapa Arua, kitu cha kwanza utakachokiona si televisheni wala picha za harusi. Ni tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 120, lililowekwa juu ya meza ya mvule. Lilitengenezwa na fundi wa madirisha wa mjini, ambaye mpaka leo anadhani nina wazimu kidogo. Likijaa linachukua lita 270 za maji, yaani uzito unaozidi robo tani, ndiyo maana meza ya kawaida isingelibeba.

Wageni wengi huuliza swali moja: "Mwalimu, hawa unawala lini?"

Ni swali la haki. Sisi watu wa West Nile tunamjua samaki katika hali tatu: mbichi kutoka Rhino Camp, aliyekaushwa kwa moshi, au aliyetiwa chumvi kutoka Panyimur akiwa njiani kuelekea Ariwara. Samaki wa kutazamwa tu ni jambo linalomtia shaka mtu mzima mwenye akili zake.

Leo nataka kuwaeleza wasomaji, hasa nyinyi mliorudi kutoka ng'ambo ya mpaka kama mimi na nyinyi mnaofanya biashara kati ya Arua, Koboko, Ariwara na Kaya, jinsi samaki hao walivyoniingiza hasara, wakanitia katika deni, na mwishowe wakanisaidia kulilipa.

Mtoto wa mgongoni

Nilizaliwa Koboko mwaka 1978. Serikali ya Idi Amin ilipoanguka mwezi Aprili 1979, na hasa baada ya mapigano ya Oktoba 1980, maelfu ya watu wa West Nile walivuka mpaka kuingia Zaire na Sudan. Mimi nilivuka nikiwa mgongoni mwa mama. Nilisoma upande wa Aru, kwa Kiswahili na Kifaransa, nikarudi Uganda mwaka 1994 nikiwa kijana wa miaka 16 asiyejua Kiingereza hata cha kuombea maji.

Nilianza upya, nikakaa dawati moja na watoto wadogo kwangu, na baada ya miaka mingi nikawa mwalimu wa shule ya msingi. Somo langu ni sayansi. Huko uhamishoni tulikuwa na mwalimu mmoja aliyefuga samaki wadogo wa mtoni katika chupa kubwa ya kioo dirishani. Hatukuwa na vitabu vya kutosha, lakini chupa ile tuliisoma kila siku. Nilijiwekea ahadi kwamba nikipata nyumba yangu, nami nitakuwa na chupa yangu.

Sahani kutoka Amazon

Mwaka 2017 nilikuwa Kampala kwa shughuli za shule. Katika duka moja linalouza samaki wa urembo nilimwona kwa mara ya kwanza samaki aitwaye diskasi. Ni bapa na mviringo kama sahani ya chai, mwenye michirizi ya buluu juu ya rangi ya machungwa. Asili yake ni bonde la mto Amazon huko Amerika ya Kusini, na mtaalamu wa Austria, Johann Jakob Heckel, alimweleza kisayansi mwaka 1840. Wafugaji wa samaki wa urembo humwita mfalme wa tangi.

Nilinunua wadogo sita. Nakiri hapa mbele ya wasomaji kwamba pesa zile zilikuwa za mabati ya jiko la nje. Nilisafiri nao usiku kucha kwa basi hadi Arua nikiwa nimepakata mfuko kama mtu anayebeba mtoto mgonjwa.

Kwa nini sita na si wawili? Kwa sababu dume na jike wa diskasi hufanana sana. Mfugaji hununua kundi, akawalea pamoja, kisha akasubiri wachaguane wenyewe. Ukiona wawili wamejitenga pembeni na kuwafukuza wenzao, ujue wameoana. Hapo huwahamishia katika tangi lao, ukawawekea kitu kilichosimama wima cha kutagia. Wafugaji wa nje huweka pia ya udongo wa kufinyanga. Mimi niliweka chungu kidogo cha mboga nilichokinunua sokoni, nikakifudikiza.

Samaki huyu anataka maji ya nyuzi joto kati ya 28 na 30, safi, laini, yenye asidi kidogo. Maji ya kisima changu nilipoyapima yalikuwa magumu, hivyo nikawa nakinga maji ya mvua na kuyachanganya. Mke wangu aliniuliza kama samaki wanalipiwa karo pia.

Mwishoni mwa 2018 jike alitaga juu ya chungu. Mara ya kwanza wazazi waliyala mayai. Mara ya pili mayai yaligeuka meupe na kuota ukungu. Mara ya tatu, baada ya siku kama tatu, yalianguliwa. Siku tatu nyingine baadaye niliona jambo ambalo sitalisahau. Vifaranga waliachana na chungu, wakaogelea na kujibandika ubavuni mwa wazazi wao, wakawa wanadonoa ngozi.

Ngozi ya diskasi hutoa ute maalumu wakati wa malezi, na ute huo ndio chakula cha kwanza cha watoto. Baba na mama hupokezana. Mmoja akichoka hujitikisa, na watoto wote huhamia kwa mwenzake. Nilimwita mama yangu aje aone. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Basi na samaki wananyonyesha."

Usiku wa baridi

Mapema mwaka 2019, watoto wakiwa na siku tisa, umeme ulikatika. Nilidhani ungerudi asubuhi. Haukurudi kwa siku mbili.

Arua iko juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa mvua hewa hupoa sana. Kifaa cha kupasha maji kilizimika, na pampu ya hewa nayo ikazimika. Nilifunika tangi kwa mablanketi. Kisha nikafanya kosa la mtu aliyechanganyikiwa, nikamimina maji ya moto kutoka kwenye birika. Kipimajoto kilipanda ghafla, halafu kikashuka tena hadi nyuzi 20. Watoto walikufa usiku wa kwanza. Jike alikufa siku ya tatu, na dume akafuata wiki ileile.

Mke wangu alitazama tangi, akasema neno moja tu: "Mabati yameelea."

Hakusema zaidi, wala mimi sikuwa na la kujibu. Jambo lililoniuma kuliko pesa ni kwamba wazazi wale hawakuwaacha watoto. Mpaka maji yalipopoa kabisa walikuwa wamesimama katikati ya kundi, wanatikisa mapezi. Walijua kazi yao. Mimi ndiye niliyewaleta mahali ambapo uhai wao ulitegemea waya.

Jamaa yake yupo hapa

Tangi lilikaa tupu miezi kadhaa. Siku moja nikitayarisha somo la darasa la sita nilisoma kwamba diskasi ni wa ukoo wa samaki waitwao kwa jina la kisayansi Cichlidae. Nilipofuata orodha ya ukoo huo nilicheka peke yangu. Ngege wetu, yule tunayemkaanga, naye ni wa ukoo huohuo! Ni jamaa wa diskasi, ila amezaliwa Nile na si Amazon. Maji yetu ndiyo maji yake, na usiku wetu wa baridi anaujua. Joto likipungua hapandi wala hatagi, lakini hafi kwa nyuzi 20.

Nilikwenda kwa jamaa yangu mwenye bwawa nje ya mji wa Koboko, akanipa dume mmoja na majike watatu, kila mmoja akiwa na urefu wa kiganja. Safari hii sikutumia hata bati moja.

Kabla ya kuwaweka nilijifunza jambo ambalo huwaua samaki wengi wa wanaoanza. Tangi jipya halifai kupokea samaki siku hiyohiyo. Samaki hutoa amonia, na amonia ni sumu. Kuna bakteria wema wanaoigeuza kuwa kitu kisicho na madhara makubwa, lakini huchukua wiki nne hadi sita kujijenga katika chujio na mchanga. Mimi niliomba ndoo ya mchanga wa bwawa lenye afya, nikauweka chini ya tangi ili bakteria hao waanze kazi mapema, na bado nikasubiri. Tangu hapo nabadilisha robo ya maji kila wiki, si yote kwa pamoja. Maji ya bomba yenye klorini nayaacha wazi usiku mzima kabla ya kuyamimina.

Dume alipozoea alianza kuchimba. Alichota mchanga kwa mdomo, akautema pembeni, mpaka akapata shimo la mviringo kama bakuli. Kidevu na kifua vikamwiva kwa wekundu. Jike alipoingia shimoni alitaga mayai machache, dume akayarutubisha, kisha jike akageuka haraka na kuyaokota kwa kinywa. Wakarudia hivyo mara nyingi. Ilichukua zaidi ya saa moja. Mwisho wake jike alijitenga pembeni, taya limevimba kama mtu aliyejaza ugali mdomoni, na shimo likawa tupu. Mayai yote yalikuwa ndani ya kinywa chake.

Tangu saa ile hakula. Nilitupa mukene zilizosagwa, wenzake wakagombania, yeye akazitazama tu zikipita. Alikuwa akiyageuzageuza mayai kinywani ili yapate maji mapya. Mayai huanguliwa baada ya siku nne au tano, lakini watoto hukaa humo mpaka kiini cha yai walichobeba tumboni kiishe, kama siku kumi tangu kutagwa. Hata wakianza kutoka, kivuli kikipita juu ya tangi wote hurudi kinywani kwa mkupuo.

Mama yangu siku hizo alikuwa amekuja kutoka Koboko kwa matibabu ya magoti. Kiti chake kilielekea tangi. Siku ya tatu aliuliza, "Huyu mbona hali?"

Nikamwambia, "Ana watoto mdomoni, mama."

Alinyamaza. Kisha akasema, "Mtoe yule dume. Anamfukuzafukuza. Atawameza au atawatema."

Mama hajasoma ufugaji wa samaki mahali popote, lakini ushauri ule ndio huo unaotolewa na wataalamu: jike mwenye mayai ahamishwe peke yake, mahali patulivu, asisumbuliwe. Mara nyingi jike anayeogopa huyameza mayai au kuyatema kabla ya wakati. Nilimhamisha usiku huohuo, taa zikiwa zimezimwa, kwa kutumia bakuli badala ya wavu.

Baada ya chakula mama alitueleza habari ambayo kwa miaka yote hiyo hakuwahi kunieleza. Alisema walipovuka mwaka 1980 walitembea usiku, na mchana wakajificha kwenye nyasi. Alikuwa na vipande vya muhogo ndani ya kanga. Hakuvila, si kwa kuwa hakuwa na njaa, bali alikuwa akinitafunia mimi kidogokidogo ili nisilie. "Ulikuwa ukilia," alisema, "wenzangu wananitazama vibaya." Akarudi kutazama tangi. Hatukuongeza neno.

Shule zafungwa

Tarehe 20 Machi 2020 shule zote Uganda zilifungwa kwa sababu ya korona. Nyingi hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022. Sisi walimu wa shule za binafsi tulibaki bila mshahara. Wenzangu wengine waliendesha bodaboda, wengine walifyatua matofali. Mimi nilitazama tangi.

Kioo ni cha kujifunzia na kuonea tu. Jike wa kiganja hutoa kama vifaranga 200 kwa mara moja, na kwa tangi moja huwezi kufanya biashara. Nilichimba uani, nikajenga matangi matatu madogo ya saruji. Niliyajaza maji na kuyamwaga mara kadhaa kwa wiki tatu ili ukali wa saruji uishe, kisha nikaweka dume mmoja kwa majike watatu katika kila tangi. Vifaranga niliwahamishia kwenye chandarua kilichofungwa kama sanduku ndani ya maji, wasije wakaliwa na wakubwa. Chakula chao kilikuwa unga laini wa mukene uliochanganywa na pumba za mahindi, kidogo kidogo, mara nne au tano kwa siku. Ofisa uvuvi alikuja kukagua, kwa kuwa mtu anayezalisha na kuuza vifaranga anatakiwa kuwa na kibali. Msomaji unayetaka kuanza, anza na ofisi hiyo.

Habari zilifika Koboko. Mwaka 2021 alinipigia simu Hajati mmoja anayeuza samaki wakavu sokoni huko. Namwita Hajati tu, kwa heshima yake. Yeye na mama waliuza muhogo pamoja Ariwara miaka ya uhamishoni, na mimi nimekula chungu chake. Wanawe walikuwa wamechimba bwawa karibu na mto Kochi. Corona ilikuwa imemfungia mpaka, mzigo wake wa samaki wa chumvi haukwenda Kongo kama zamani, na mtaji ulikuwa unaliwa.

"Mwanangu," alisema, "nitumie vifaranga 400. Mimi nimeuza samaki waliokufa miaka 30. Sasa nataka walio hai."

Tulikubaliana shilingi 300 kwa kifaranga, jumla 120,000. Alinitumia nusu papo hapo kwa simu. Shilingi 60,000 wakati ule, nyumba yangu haikuwa imeona pesa kama hizo kwa wiki tatu.

Jerikeni mbili

Kutoka Arua hadi Koboko ni kama kilomita 55, na barabara sasa ni ya lami. Nilidhani ni safari ya saa moja. Asubuhi niliwalisha vifaranga washibe, kwa huruma, kama mzazi anayemlisha mtoto kabla ya safari. Niliwagawa katika jerikeni mbili za lita 20, nikajaza maji mpaka juu, nikafunga vifuniko wasimwagike.

Gari la abiria lilisubiri kujaa kwa saa mbili juani. Njiani tulipata pancha. Tulipofika Koboko nilifungua kifuniko cha kwanza mbele ya Hajati, wanawe na majirani waliokuja kuona samaki walio hai. Harufu ilitangulia. Kati ya 400 walibaki 11, nao walikuwa wakihema juu ya maji.

Nimewahi kufeli mitihani na nimewahi kukimbia vita, lakini aibu ya siku ile ilikuwa ya aina yake. Nilitoa simu nimrudishie pesa zake. Hajati alinizuia mkono.

"Sitaki pesa," alisema. "Pesa ningekaa nazo. Nataka samaki."

Wale 11 aliwaweka katika beseni, akawafunika kwa ungo. Nikarudi Arua na jerikeni tupu.

Mfanyabiashara wa mpakani anaelewa uzito wa maneno yale. Huku kwetu mtu hukupa mzigo bila karatasi kwa kuwa anamjua mama yako. Ukimrudishia pesa, hesabu imefungwa na ujamaa umefungwa nao. Ukibaki na deni, bado wewe ni mtu wake.

Somo la fundi wa kuchomelea

Nilitafuta makosa yangu moja baada ya jingine, kama ninavyowafundisha wanafunzi. Samaki aliyeshiba hutoa uchafu mwingi safarini, na amonia hupanda. Jerikeni iliyojaa hadi juu haina hewa. Jua hupasha maji, na maji ya moto hushika oksijeni kidogo kuliko ya baridi. Kila kosa peke yake lingeua wachache. Kwa pamoja yaliua karibu wote.

Njia sahihi ni hii, na naiandika wazi kwa faida ya yeyote anayesafirisha vifaranga:

Kwanza, wasile kwa saa 24 kabla ya safari. Wakae katika maji safi matumbo yaishe.

Pili, tumia mifuko ya nailoni migumu, miwili miwili, mmoja ndani ya mwingine. Theluthi moja iwe maji, theluthi mbili ziwe oksijeni, kisha funga kwa mpira mara mbili.

Tatu, oksijeni si lazima uifuate Kampala. Fundi wa kuchomelea vyuma kwa gesi anayo kwenye mtungi. Wa kwetu alicheka sana nilipompelekea mfuko wenye samaki, lakini alijaza. Hakikisha ni mtungi wa oksijeni, si ule mwingine wa gesi inayowaka, na moto uwe mbali.

Nne, safiri alfajiri. Weka mifuko ndani ya boksi lenye majani mabichi ya migomba, kivulini.

Tano, ukifika usimwage samaki bwawani moja kwa moja. Acha mfuko uelee juu ya bwawa kwa dakika 15 au 20 ili joto lilingane. Kisha fungua, uongeze maji ya bwawa kidogo kidogo, na uwaache watoke wenyewe.

Ilinichukua wiki saba kupata vifaranga wengine wa kutosha. Nyumbani tulikula dengu na majani ya kunde, na mke wangu hakutaja mabati hata siku moja. Safari hii nilikodi bodaboda wawili, tukaondoka saa kumi na moja alfajiri. Nilibeba vifaranga 420, wale 20 wakiwa nyongeza ya aibu. Bwawani tulihesabu waliokufa: sita.

Hajati alitoa nusu iliyobaki. Nilikataa. Tulibishana kwa heshima mpaka mwanawe mkubwa akaziingiza katika mfuko wa koti langu nilipoinama kunawa mikono. Wale 11 wa beseni nao walikuwa hai, wamekua kuwapita wapya. Niliwashauri pia waongeze kambare wachache baadaye, ngege wakishakua kidogo. Ngege wakichanganyika madume na majike huzaana mpaka bwawa linajaa wadogo wasiokua, na kambare huwapunguza.

Tahadhari ya sangara

Tangu hapo nimepata maombi ya ajabu. Wapo wanaotaka niwaletee samaki wa rangi kutoka nje wawamwage katika mabwawa na mito, eti mto upendeze. Huwa nakataa, na darasani nawaeleza watoto sababu.

Sangara, ambaye hapa Uganda tunamwita mputa, asili yake ni Nile na Ziwa Albert, jirani zetu hapa. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 alipelekwa Ziwa Victoria ili kuongeza samaki wa kuvuliwa. Huko walikuwapo samaki wadogo wa aina mamia, wale Watanzania wanaowaita furu na Waganda wanaowaita nkejje. Nao ni wa ukoo uleule wa ngege na diskasi, na wengi wao vilevile hulea watoto kinywani. Kufikia miaka ya 1980 sangara walikuwa wamejaa, viwanda vikajengwa, fedha zikaingia, na maji ya ziwa nayo yakawa yanachafuka. Wataalamu wanakadiria kwamba aina 200 hivi za furu zilitoweka. Baadhi zimeanza kuonekana tena, lakini nyingi hazijarudi.

Zipo aina chache zilizookolewa kwa njia ambayo mrejeaji yeyote ataielewa. Zilichukuliwa kabla ya kwisha, zikapelekwa Ulaya na Marekani, na huko zinazalishwa katika matangi ya kioo, ya taasisi na ya watu binafsi majumbani. Vizazi na vizazi vimezaliwa ndani ya kioo, mbali na ziwa.

Nilipomsimulia mama habari hiyo aliuliza, "Nao watarudi lini?"

Nikamwambia ziwa lao bado lina sangara.

"Basi wakae hukohuko kwanza," alisema. "Lakini wasiache kuzaa."

Mavuno ya Koboko

Mwaka 2022, shule zikiwa zimefunguliwa nami nimerudi darasani, Hajati alituita kwenye mavuno ya kwanza. Nilimpeleka mama. Vijana waliburuta wavu kutoka upande mmoja wa bwawa hadi mwingine, na wanunuzi walikuwa wamekwisha kupanga foleni na mabeseni, wakiwamo wawili waliotoka ng'ambo ya mpaka. Ngege walikuwa wa gramu 250 hadi 300, si wakubwa sana, lakini walikuwa hai, wanarukaruka, na katika soko la Koboko hilo peke yake linatosha kupandisha bei.

Hajati mwenyewe alikaa kwenye kigoda akichambua. Alishika jike mmoja, akamtazama taya, akamweka katika beseni la maji. Mara vifaranga wakaanza kumtoka kinywani, mmoja mmoja, kisha kundi zima, weusi kama mbegu za ufuta. Mnunuzi mmoja alikwisha kunyoosha mkono na pesa.

"Huyo hauzwi," Hajati alisema.

Alisubiri mpaka maji yakatulia na watoto wakarudi kinywani. Kisha akamwita mwanawe, akampa beseni, akamwonyesha bwawa kwa kidole.

"Mrudishe."